Zombi wako nje ya ua, misukule wamo ndani

Mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili alinijia ofisini majuzi akiwa na swali ambalo alihofia ningeliona la kipuzi. Tasnifu yake inahusu tafsiri ya manukuu ya filamu, na ameiteua tamthilia ya runinga ya Marekani, The Walking Dead. "Prof, wahusika wenyewe hawasemi zombie. Wanasema walkers, wengine biters. Lakini mimi kwa sura ya kwanza lazima niwaite kitu. Sasa niandike tu zombi ama kuna letu?"

Nikamjibu aandike zombi, akaaga akaenda. Alipofunga mlango nikaona nimemjibu kivivu. Kiswahili kina neno lake, tena neno linaloifasiri tamthilia hiyo vizuri kuliko wahakiki wengi walioiandikia. Neno lenyewe ni msukule.

Kwanza asili ya zombi. Neno hili liliufikia ulimwengu kutoka Haiti, nchi ambako Wafaransa waliwarundika Waafrika katika mashamba ya miwa hadi uhuru ulipopatikana mwaka 1804. Wanaleksikografia wengi hulihusisha na lugha za Kibantu za Kongo na Angola, kama vile nzumbi ya Kimbundu, yaani roho ya mfu. Katika imani ya Wahaiti, zombi hakuwa mla watu. Alikuwa mtu aliyekufa, kisha mchawi akamwinua kaburini ili amfanyie kazi. Hofu haikuwa kwamba zombi angekuuma. Hofu ilikuwa kwamba ungegeuzwa zombi wewe, ukawa mtumwa hata baada ya kufa.

Msomaji aliyelelewa na simulizi za Afrika Mashariki haambiwi zaidi. Huyo ni msukule, au ndondocha kama wengine wasemavyo. Huyu ni mtu ambaye jamaa zake wamemlilia na kumzika, kumbe yuko shambani kwa mchawi, amekatwa ulimi, analishwa pumba na kulimishwa usiku. Akiitwa kwa jina lake haitikii. Filamu nyingi za Tanzania zimejengwa juu ya imani hii.

Sinema ya Marekani ndiyo iliyobadilisha mambo. White Zombie ya mwaka 1932 bado ilikuwa na mchawi na kiwanda chake cha sukari. George Romero alipotoa Night of the Living Dead mwaka 1968, alimwondoa bwana. Wafu wakabaki wenyewe, wanatembea, wanakula walio hai, hawatumwi na yeyote. Wafu wa The Walking Dead, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2010 kutokana na vitabu vya katuni vya Robert Kirkman, ni wa ukoo huo wa Romero.

Hoja yangu ni kwamba yule bwana aliyefukuzwa mlangoni na Romero amerudi kupitia dirishani. Hakurudi kuwatawala wafu. Amerudi kuwatawala walio hai.

Tunamwona kwa mara ya kwanza katika msimu wa tatu, katika mji wa Woodbury. Anayeutawala anaitwa Gavana. Mji una ukuta, maua barabarani, na watoto wanacheza. Gavana anawavizia na kuwaua wanajeshi waliokuwa wakihitaji msaada, kisha anarudi na magari yao na kuwaambia raia kwamba wameuawa na wafu. Msimu unapoisha anawamiminia risasi watu wake mwenyewe kwa kukataa kurudi vitani. Lakini Gavana bado ni dikteta wa kawaida. Anatawala kwa kuficha.

Negan, anayeingia mwishoni mwa msimu wa sita, hafichi kitu. Makao yake ni kiwanda kikuukuu kilichobandikwa jina la Sanctuary, pahali pa hifadhi. Askari wake wanajiita Saviors, yaani waokozi. Tazama majina hayo! Uani wamefungwa wafu kwa minyororo ili walinde lango. Ndani mna wafanyakazi wanaochuma pointi ili wapate chakula na dawa. Askari hawahitaji pointi, wanajichukulia. Negan akipita, wote wanapiga magoti. Anayevunja kanuni huchomwa uso kwa pasi ya moto mbele ya watu. Na mwokozi akiulizwa yeye ni nani, jibu ni moja tu: yeye ni Negan.

Hapo ndipo neno letu linapofanya kazi ambayo zombi haiwezi. Mtu asiyeitikia jina lake, anayefanya kazi asiyoipangia, anayelishwa kwa kipimo cha bwana, na ambaye waliompenda hawamtambui tena, ni msukule. Wale walio nje ya ua wana njaa tu. Hawana bwana, na kwa maana hiyo wana uhuru kuliko walio ndani.

Utasema labda profesa anayavuta maneno. Basi tazama kipindi cha tatu cha msimu wa saba. Daryl, mateka kutoka kundi la Rick, amefungiwa chumba chenye giza akiwa uchi. Analishwa mikate iliyopakwa chakula cha mbwa. Wimbo uleule unachezwa tena na tena asipate usingizi. Kisha anaulizwa yeye ni nani. Hayo, jamani, ni masharti ya kumtengeneza msukule: giza, pumba, na kupokonywa jina. Waandishi wa tamthilia nadhani hawajawahi kulisikia neno hilo, lakini wameyafikia yaleyale kwa sababu wanachunguza jambo lilelile. Daryl anajibu kwa jina lake. Ni neno moja tu, na ndilo tendo la ushujaa kubwa kuliko mapigano yote ya msimu huo.

Sasa mweke Eugene kando yake. Eugene ni msomi wa kundi. Aliwahi kufundisha sayansi shuleni, na kwa muda mrefu aliishi kwa kudanganya kwamba anajua tiba ya janga lile. Anapotekwa hafungiwi gizani. Anapewa chumba, michezo ya video na chakula anachokitaka. Negan hamalizi hata kumwuliza yeye ni nani. Eugene anamkatiza: yeye ni Negan, tena alikuwa Negan hata kabla hawajakutana.

Kicheko kilinitoka nilipoitazama mara ya kwanza. Mara ya pili sikucheka. Nilipokuwa mwalimu kijana miaka ya themanini, niliombwa niiandikie kwaya wimbo wa sikukuu ya kitaifa. Niliuandika. Sikutishwa na mtu, sikunyimwa mshahara. Niliujua msamiati uliotarajiwa na nikaupanga kwa vina safi, mapema kuliko muda niliopewa. Nilipewa soda na nikapigiwa makofi. Sisemi Kenya ya wakati ule ilikuwa Sanctuary. Ninachosema ni kwamba najua jinsi mtu wa kalamu anavyojibu swali kabla halijamalizika.

Fasihi yetu imelishughulikia swali hili kwa makini. Katika Kigogo ya Pauline Kea, Majoka wa Sagamoyo anahitaji kinyago cha Ngao kichongwe. Sudi mchongaji anakataa, huku mwenzake Boza haoni ubaya wowote wa kuchonga. Kea anajua kwamba udikteta hauishi kwa bunduki pekee. Unahitaji mafundi, na kila fundi ana siku yake ya kuulizwa.

Kwa haki, tamthilia haimwachi Eugene pale. Mwishoni mwa msimu wa nane, risasi alizowaundia Saviors zinawalipukia mikononi. Amezitia kasoro makusudi. Mkono uleule uliotumikia ndio unaomwangusha bwana. Ni msuko mzuri, ingawa mimi ungenitosheleza zaidi kama tungeonyeshwa usiku ule alipoamua. Tunapewa mlipuko, hatupewi uamuzi.

Hapa ndipo penye kasoro kubwa ya tamthilia yenyewe. Inampenda mno Negan. Jeffrey Dean Morgan ni mwigizaji mwenye mvuto, basi kamera inamganda. Anapewa hotuba baada ya hotuba, mizaha, na tabasamu. Wafanyakazi wanaochuma pointi hawana majina, hawana historia, na mara nyingi hawana hata sentensi. Katika msimu wa nane, Sanctuary inapozingirwa na chakula kikawa haba, wafanyakazi wanajikusanya kudai majibu. Mmoja wao anapigwa risasi. Umati unachemka. Kisha Negan anatokea, na umati mzima unapiga magoti. Hiyo ndiyo onyesho bora kabisa la kisiasa katika misimu yote miwili, na inapita kwa dakika chache! Tunamfuata Negan. Waliopiga magoti wanaachwa sakafuni, wasiulizwe na mwandishi kwa nini magoti yao yalikuwa na kasi kuliko hasira yao. Tamthilia inayomlaani dikteta kwa kuwanyima watu sauti haifai nayo kuwanyima.

Hata hivyo, kuna jambo moja inalipatia. Mwanzoni mwa msimu wa tisa vita vimekwisha na Negan amefungwa. Hakuna tena pointi wala pasi ya moto. Ila mazao ya Sanctuary yamekufa na njaa inabisha. Asubuhi moja maandishi yanakutwa ukutani, yakitangaza kwamba wao bado ni Negan. Katika simulizi zetu, mchawi akifa msukule harudi nyumbani akawa mzima siku hiyohiyo. Huzungukazunguka, hajui kwao, hajui jina. Nchi nyingi zimewahi kudhani kuwa kumwondoa mtu mmoja ndiyo tiba, zikashangaa kuyaona maandishi yaleyale ukutani.

Nimemwita mwanafunzi wangu juzi nikamsahihishia jibu. Nimemshauri aandike zombi kwa wafu walio nje, kwa kuwa neno limekwishaingia nchini na halina haja ya kufukuzwa. Lakini katika sura ya uchambuzi, anapowafikia watu wa Sanctuary, awaite misukule na aeleze kwa nini. Alinakili kwenye daftari, akafikiri kidogo, akaniuliza, "Na Eugene je, Prof? Yeye ni msukule ama ni nani?"

Nikamwambia huyo aniachie mimi.