Jedwali Tupu Linapochelewa

Jedwali jipya halina hata safu moja ya data, lakini zipo seva zinazochukua karibu sekunde nzima kuliunda. Kwa jedwali moja hakuna atakayelalamika. Shida huja pale majaribio ya programu yanapojenga hifadhidata upya kila yanapoendeshwa, mamia ya majedwali, na watu wakakaa wakiitazama skrini. Kutafuta chanzo cha ucheleweshaji huo ni ufundi ninaouheshimu sana.

Fundi mzuri hakimbilii kubadilisha mipangilio. Huuliza kwanza: seva inafanya kazi, au inangoja? Amri ya SHOW PROCESSLIST humjibu. Katika MySQL 8.0, kuunda jedwali lenye ufunguo wa kigeni huhitaji kufuli la jedwali mzazi, na huenda kuna mtu aliyelisoma ndani ya muamala kisha akaondoka bila kuuhitimisha. Muamala huo ukifungwa, kazi imekwisha.

Ikiwa hakuna kinachongojewa, hushuka hadi kwenye mfumo endeshi. Huchukua nakala ya seva, maana strace, chombo cha ufuatiliaji, huipunguzia kasi, kisha hufuatilia kila ombi linalopelekwa kwa Linux pamoja na muda wake. Kufungua faili: kufumba na kufumbua. Kuandika: vivyo hivyo. Halafu fsync, agizo la kuhakikisha data imefika kwenye diski yenyewe: milisekunde kadhaa. Fsync nyingine. Na nyingine. Kwa kawaida InnoDB, injini ya kuhifadhi data ya MySQL, hulipa kila jedwali faili lake, na juu ya hilo kuna kumbukumbu za miamala zinazodai uthibitisho wao. Diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa takriban milisekunde 8.3. Zidisha kwa idadi ya fsync, kisha kwa idadi ya majedwali, na zile dakika zilizopotea zinaonekana zote kwenye karatasi. Hesabu hiyo hunifurahisha kila nikiiona, kwa sababu haiachi nafasi ya kubahatisha.

Kuzima uthibitisho ni rahisi, na kwenye seva ya majaribio ni halali. Data yake inaweza hata kukaa kwenye RAM. Kwenye seva yenye mishahara ya watu, umeme ukikatika, miamala iliyokwisha kuhitimishwa inaweza kupotea. Huko fundi hagusi.

Badala yake hupunguza idadi ya majedwali yanayoundwa. Wengi hutumia TRUNCATE wakidhani inafagia data tu, kumbe katika InnoDB hulifuta jedwali na kuliunda upya, kwa gharama ileile. Kwa majedwali madogo, DELETE ya kawaida huwa nyepesi zaidi. Katika PostgreSQL majedwali yote yanaweza kuundwa ndani ya muamala mmoja unaohitimishwa mara moja. MySQL haitoi nafasi hiyo, kwani kila CREATE TABLE hujihitimisha yenyewe. Kwa vyovyote vile, fundi hubadilisha kitu kimoja tu, kisha huzihesabu fsync upya kabla ya kugusa kingine.