Utaratibu wa Kuvisoma Visa vya Joram Kiango

Swali la kitabu kipi kitangulie na kipi kifuate laweza kuonekana dogo mno kwa jarida la wataalamu. Lakini msomaji wa Ujiji aazimaye riwaya ya Ben R. Mtobwa kwa jirani hukipata kitabu kilichopo, si cha kwanza. Na mhakiki naye, aandikapo juu ya ukuaji wa mwandishi huyo, mara nyingi hufanya vivyo hivyo bila kujua. Marehemu Mtobwa (1958–2008) alikuwa mwana wa Kigoma, na yafaa kazi yake ipangwe kwa uangalifu kabla ya kupimwa.

Kwa Muhammed Said Abdulla kazi hiyo ni nyepesi. Mzimu wa Watu wa Kale ulishinda katika mashindano ya 1957–58 ukachapishwa 1960. Kisima cha Giningi kikafuata 1968, kisha Duniani Kuna Watu 1973, hata kufikia Kosa la Bwana Msa, 1984. Miaka yajulikana. Tena Bwana Msa hazeeki kwa namna ya kumtatiza msomaji: yu na kiko chake, yu na Najum, na fumbo lifunguliwalo kitabuni hufungwa kitabuni humo.

Joram Kiango si hivyo. Kwanza, si kila riwaya ya Mtobwa ni ya Joram. Zawadi ya Ushindi yahusu majeraha ya Vita vya Kagera vya 1978–79, na Dar es Salaam Usiku ni kisa cha jiji lenyewe. Kuzitia hizo katika mfululizo ni kuuvuruga. Pili, mwaka ulioandikwa mwanzoni mwa nakala si shahidi wa kutosha, kwa kuwa vitabu hivi vilichapwa zaidi ya mara moja, na baadhi yake na Heko, shirika la Mtobwa mwenyewe. Mwaka wa chapa si mwaka wa kutungwa.

Ushahidi ulio bora umo ndani ya hadithi. Katika Salamu kutoka Kuzimu msaidizi wa Joram ni Neema Idd. Katika Tutarudi na Roho Zetu?, penye vita dhidi ya makaburu wa Afrika Kusini, aliye ubavuni mwake ni Nuru. Inspekta Kombora yupo kote kuwili, basi hasaidii kuhesabu miaka. Aanzaye na Nuru akamrudia Neema humsoma Neema kama mgeni aliyeingia mahali pa mwingine, na uzito wake wote hupotea. Kwa hiyo Salamu na itangulie. Hapa pia pana kasoro ya mtungaji: mwanamke anapokuwa ndiyo kalenda ya mfululizo, hukaribia kuwa chombo cha kisa, abadilishwe kisa kibadilikapo.

Upo ushahidi wa lugha pia, nao haujatumiwa vya kutosha. Kiswahili humtambulisha mtu mpya kwa "mmoja" na humrejea ajulikanaye kwa "yule". Mwandishi wa mfululizo hunaswa kati ya mawili hayo: amweleze shujaa upya kwa ajili ya mgeni, au amtaje tu, kana kwamba wote walikwisha kukutana naye? Mtafiti akizipanga kurasa za kwanza za kila kitabu kwa kipimo hiki, akitumia chapa ya awali kila ipatikanapo, atapata mpango wenye nguvu kuliko orodha zinakiliwazo kutoka kitabu hata kitabu. Kipimo hiki hakikosi hatari, kwani mchapishaji huweza kuongeza utambulisho katika chapa mpya. Ndiyo maana chapa ya awali ni ya lazima.

Kazi hiyo haingoji. Vitabu hivyo ni vya jalada jepesi, vilivyosomwa vikasomwa tena. Mahali pa kuanzia kuvitafuta si maktaba za vyuo peke yake, bali pia masanduku ya nyumbani Kasulu, Kigoma na Ujiji, ambako jina la Mtobwa ni la mwana wa nyumbani.