Krosimachi Ilipita, Damu Si Yake

Kichupa cha kioo hakizidi urefu wa kidole. Ndani yake kuna matone mawili ya seramu ya mgonjwa na tone moja la chembe nyekundu za mchangiaji zilizochanganywa na maji ya chumvi. Kikitolewa kwenye sentrifuji, chembe zote zimelala chini kama kifungo chekundu cha shati. Mtaalamu wa maabara hukiinamisha mbele ya taa, akakitikisa polepole, akaangalia kile kifungo kinavyoachia. Kikipanda kama moshi na kuacha wekundu wa sawasawa, damu mbili hizo zimepatana. Kikitoka vipande vipande kama maziwa yaliyokatika, chupa ya damu ya mchangiaji inarudi kwenye friji.

Hiyo ndiyo krosimachi, au nusu yake. Hatua hiyo ya kwanza inakamata ugomvi wa makundi ya ABO. Kwa kingamwili nyingine, kichupa hukaa kwenye joto la nyuzi 37, chembe zikaoshwa mara tatu, kisha kikatiwa kitendanishi cha Coombs, kilichoelezwa Uingereza mwaka 1945. Kisipoonyesha kitu, fundi makini haandiki kwanza. Anadondosha chembe za kupimia kitendanishi chenyewe, ambazo lazima zigandamane. Zisipogandamana, jibu la "hakuna ugomvi" halina thamani, maana huenda kitendanishi kilishaharibika. Nilipenda sana hatua hiyo. Shuleni hatukufundishwa kuutilia shaka ukimya wa kipimo.

Niliangalia vichupa hivyo kwa wiki kadhaa, nikiwa intani katika hospitali ya mkoa, kabla sijaelewa kwamba kipimo hiki kizuri kina upofu mmoja mkubwa. Kinalinganisha kilichomo kwenye kichupa na kilichomo kwenye mfuko wa damu. Mgonjwa mwenyewe hayumo.

Niliuelewa upofu huo kwa aibu. Usiku mmoja wodi ya wazazi ilikuwa na akina mama wawili, wote Mariamu, kitanda cha nne na cha sita. Wote walihitaji damu iandaliwe. Niliwatoa sampuli mmoja baada ya mwingine, vichupa nikaviweka mfukoni mwa koti, nikaenda kuandika majina kwenye meza ya wauguzi kwa sababu ndiko kalamu ilikokuwa. Fomu nilizijaza vizuri, hata kundi la kila mmoja nililinakili kutoka kwenye kadi ya kliniki: cha nne A, cha sita O.

Baada ya nusu saa simu ya maabara ikalia. Aliyepiga ni mama mmoja aliyefanya kazi hiyo tangu sijazaliwa.

"Dokta, hawa Mariamu wako wamebadilishana damu?"

Kichupa cha kitanda cha sita kilikuwa A, cha kitanda cha nne kilikuwa O. Nilidhani atanambia tu nibadilishe lebo. Alivikataa vyote viwili. "Kadi nayo imeandikwa na mtu," alisema. "Nenda kachukue upya, mwanangu, na kalamu uende nayo."

Tufuate njia ambayo kosa lingepita kama nisingenakili kundi kutoka kwenye kadi. Maabara ingepima kichupa chenye jina la kitanda cha sita, ikapata A, ikatoa chupa ya A. (Tunaita chupa mpaka leo, ingawa ni mfuko wa plastiki.) Krosimachi ingefanywa kwa seramu hiyo hiyo ya mtu wa A, na ingepita bila doa, hatua zote, hadi chembe za uhakiki. Kila karatasi ingekuwa sahihi. Kisha chupa ingepelekwa kwa mama wa O.

Na hapo ndipo ABO inapotofautiana na makundi mengine. Mtu wa Rh hasi kwa kawaida hana kingamwili dhidi ya antijeni ya D mpaka akutane na chembe zenye D, kwa damu aliyoongezewa au kwa ujauzito. Mtu wa O hangoji kukutana na chembe za mtu mwingine: tangu utotoni ana kingamwili dhidi ya A na B. Miongoni mwake zimo za aina ya IgM, kubwa, zenye sehemu 10 za kushikia, na zikishika chembe ya A huamsha protini za komplimenti ambazo huitoboa matundu. Himoglobini inamwagika ndani ya mishipa, mkojo unakuwa kama chai ya rangi, presha inashuka, figo zinaumia, na mfumo wa kugandisha damu unavurugika. Mililita chache zinatosha kuanzisha hayo yote. Mgonjwa aliye macho atalalamika kiuno, kifua, baridi. Aliyelazwa kwa dawa ya usingizi hasemi kitu.

Karl Landsteiner alipochapisha ugunduzi wake kule Vienna mwaka 1901, alikuwa amechanganya seramu na chembe za wenzake wa maabara. Alijua kila kichupa ni cha nani, maana wenyewe walikuwa wamesimama pale. Sisi tuna korido, ngazi, na mfuko wa koti.

Kinachoziba upofu huo ni vitu vya kawaida mno: lebo iandikwe kando ya kitanda kabla hujapiga hatua, na mgonjwa ambaye maabara haina rekodi yake achukuliwe sampuli ya pili kwa wakati mwingine. Halafu kuna namna ya kuuliza. Sikuwahi kudhani ni utaalamu. Ukimwambia mama mwenye uchungu, "Wewe ni Mariamu?" atakujibu "ndiyo, dokta" hata kama hakukusikia, kwa heshima tu. Uliza, "Unaitwa nani, mwana wa nani?" kisha nyamaza.

Maabara hujibu swali ililoulizwa, si zaidi. Ndivyo ilivyo hata kwa kisanduku kile cha fomu kisemacho "sababu ya kuomba damu", ambacho wengi wetu tunaandika "upungufu wa damu" na kupita. Utafiti wa TRACT, uliofanyika Uganda na Malawi kwa watoto zaidi ya 3,000 na kuchapishwa 2019, ulikichimba kisanduku hicho. Kwa watoto wenye himoglobini ya gramu 4 hadi 6 kwa desilita wasio na dalili za hatari, kuongeza damu papo hapo hakukupunguza vifo kuliko kusubiri na kuwafuatilia kwa karibu. Na kwa walioongezewa, kiasi kilichofaa kilitegemea homa: wasio na homa walinufaika na mililita 30 za damu nzima kwa kilo kuliko 20, lakini wenye homa waliumizwa na hizo 30. Hakuna kichupa kitakachokwambia hayo. Kipimajoto kitakwambia, ukikumbuka kukiweka kabla ya kuandika.

Mama wa kitanda cha sita alipata chupa yake alfajiri, O kwa O, kwa sampuli niliyoiandika nikiwa nimeinama kwenye godoro lake. Muuguzi alisoma namba ya mfuko, nami nikasoma ya fomu. Nikakaa dakika 15 za mwanzo kwenye kiti cha plastiki, nikihesabu matone, mapigo na joto. Kabla ya kufungua dripu nilikuwa nimemuuliza jina kwa mara ya tatu usiku ule.

"Dokta," alisema, "mbona jina langu halikukai?"

Nikamwomba alitaje tena, pamoja na la baba.