Kumpima Mwenyeji kwa Chai Yake

Ukialikwa kwa mara ya kwanza kwenye chanoyu, sherehe ya chai ya Kijapani, usihangaike kukariri adabu zote. Mgeni mkuu hutangulia katika kila jambo, nawe umfuate. Macho yako yawe kwa mwenyeji: je, amechagua vitu vinavyoifaa siku hii na wageni hawa, na je, anavitumia bila papara? Ubora wa chanoyu umo humo.

Chumba

Anzia kwenye tokonoma, kishubaka cha ukutani panapotundikwa maandishi ya brashi. Pembeni huwekwa ua la msimu, likikaa kama lilivyoota porini. Ua lenye harufu kali ni kasoro, kwa kuwa hugombana na ubani. Kisha tazama moto. Novemba hadi Aprili chungu cha chuma huinjikwa kwenye shimo lililokatwa sakafuni. Mei hadi Oktoba huhamia kwenye jiko la kubebeka, mbali kidogo na wageni ili joto lisiwasumbue. Ukikuta lile shimo linawaka mwezi Julai, mwenyeji hakuujali msimu.

Mkono

Mwangalie anapofuta kijaluba cha chai na kijiko cha mwanzi kwa kitambaa cha hariri. Hodari hakimbii wala hajikokoti. Kila kitu hukishika, hukitumia, hukitua mahali pake, wala hakirudii kukiweka sawa.

Chai

Matcha ni unga wa majani ya chai yaliyopitishwa kwenye mvuke, yakakaushwa na kusagwa. Chai nyepesi, usucha, huchukua takribani gramu 2 za unga na mililita 70 za maji ya moto. Wengi huihukumu kwa wingi wa povu, kumbe povu hutegemea chuo cha chai anachokifuata mwenyeji. Urasenke hupekecha mpaka povu laini lifunike bakuli lote. Omotesenke huacha upande mmoja wazi, umbo la hilali. Vyuo vyote viwili ni vya Kyoto, na vyote humtaja Sen no Rikyū, aliyefariki 1591, kuwa chimbuko lao. Wewe tafuta mabonge: yakiwemo, unga haukuchekechwa au haukupekechwa vizuri. Chai nzito, koicha, haitakiwi kuwa na povu. Hukandwa polepole mpaka iwe laini na yenye kung'aa.

Bakuli

Ukimaliza kunywa, egemeza viwiko magotini na uliinue bakuli kidogo tu juu ya mkeka. Pete uwe umeshazivua. Tazama kitako, kwani hapo mfinyanzi huacha udongo wazi na alama ya mkono wake. Mabakuli ya mtindo wa Raku hufinyangwa bila gurudumu, kwa hiyo ukingo usionyooka si dosari. Jiulize kama linatulia viganjani bila kuunguza. La kiangazi huwa pana na la kina kifupi ili chai ipoe upesi. La baridi huwa na kina. Bakuli ghali lililokosea msimu hushindwa na la kawaida lililochaguliwa vyema.

Swali la mwisho

Sherehe kamili, yenye chakula na chai zote mbili, huchukua kama saa nne. Ile wanayouziwa watalii mara nyingi haifiki hata saa moja. Ufupi peke yake si kosa. Uliza kwa nini yametundikwa maandishi haya leo. Mwenye kazi yake atakupa sababu inayokugusa wewe au msimu. Akijibu kwamba hayajawahi kushushwa, jua umelipia maonyesho.