Hukumu ya Mbwa katika "The Awful Truth"

Mume na mke wanapoachana, vyombo vya nyumba hugawika na fedha huhesabika. Lakini mnyama waliyemlea pamoja hakatwi mafungu. Kwa watu wa nje shauri lake ni dogo. Kwa wenyewe huenda likawa zito kuliko shauri la nyumba. Mtungaji apataye shauri kama hili amepata mizani ya kupimia mioyo ya watu. Leo McCarey aliitumia mizani hiyo katika "The Awful Truth", picha ya senema iliyotolewa Marekani mwaka 1937 na kumpatia tuzo ya Oscar ya mwongozaji bora.

Habari yenyewe ni hii. Jerry na Lucy Warriner, mume na mke wenye mali, wanashukiana na kufikishana mahakamani. Talaka inatolewa, ila haitatimia mpaka siku 90 zipite. Linabaki shauri la mbwa wao, Mr. Smith, ambaye kila mmoja anamtaka. Hakimu anaamuru mbwa awekwe katikati, nao wamwite. Atakayefuatwa ndiye atakayemchukua. Jerry anaita. Lucy naye anaita, na kwa siri anamwonyesha mbwa kichezeo alichokificha. Mbwa anamkimbilia Lucy, na Jerry anaambulia ruhusa ya kumzuru tu.

Watazamaji hucheka, nao wana haki ya kucheka. Walakini mhakiki hana budi kuuliza: katika hukumu ile kilipimwa nini? Kwa sura yafanana na hukumu ya Nabii Suleiman juu ya wanawake wawili waliogombea mtoto mmoja, lakini kwa maana zimeachana mbali. Suleiman alitaja kumkata mtoto ili mapenzi yajitokeze. Aliyekuwa radhi kunyimwa mtoto maadamu mtoto aishi, ndiye aliyepewa. Mbele ya hakimu wa Mr. Smith hapana aliyetakiwa kuacha kitu. Suleiman alipima mapenzi kwa kuachia. Huyu ayapima kwa kuvuta, na mwenye hila ndiye ashindaye.

Je, kosa la hakimu ni kosa la mchezo? La. Mtu hafanyi hila kwa kitu asichokijali, na hila ya Lucy yatufahamisha kwamba jambo alitakalo ni kubwa kuliko mbwa. Sehemu zifuatazo zathibitisha. Jerry anakuja kumzuru mbwa wakati Lucy anaposwa na Dan Leeson. Anakaa kwenye piano na kupiga, mbwa akibweka kwa kumwitikia, hata mposaji anakosa raha. Hapo twatambua kwamba ruhusa ya kumzuru mbwa ni ruhusa ya kuingia nyumbani kwa Lucy. Tena ni mbwa huyo huyo aletaye kofia ya mwanamume mwingine, ambayo Lucy alijitahidi kuificha Jerry asiione. Mnyama asiye na ulimi amekuwa shahidi. Watu hawa wawili waligombea mlango wa kurudiana usifungwe, na mlango huo uliitwa Mr. Smith.

Hata hivyo picha hii ina upungufu wake. Mahakamani hapana aulizaye nani humlisha mbwa, nani humtazama augueapo. Mwisho wa mchezo ni wa mume na mke, na mbwa aliyewaunganisha hana neno ndani yake. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na Mr. Smith, aliyefanywa kama kwamba ndiye mwamuzi, kwa hakika ni nyasi.

Pengine msomaji atasema kwamba mbwa ni mbwa, hastahili kuwasumbua mahakimu. Ndivyo sheria za nchi nyingi zilivyomhesabu, mali kama kiti na meza. Lakini huko huko Marekani, tangu tarehe 1 Januari 2019, sheria ya California yamruhusu hakimu wa talaka kutazama matunzo ya mnyama kabla ya kuamua awe wa nani: chakula, maji, matibabu, makao ya salama, na kulindwa na ukatili. Hispania nayo, kwa sheria ya mwaka 2021 iliyoanza kutumika Januari 2022, yamtaka hakimu aangalie maslahi ya jamaa pamoja na hali njema ya mnyama. Kwa kipimo hicho kichezeo cha Lucy kisingemfaa kitu.

Basi tusiisome picha hii kama fundisho la haki, maana haki haimo. Ubora wake ni kuonyesha jinsi watu waonao haya kusema "nakutaka" wawezavyo kusimama mbele ya hakimu na kusema "namtaka mbwa". Mwanafunzi atakayeitazama, na aanzie pale mahakamani, aiangalie mikono ya Lucy kabla ya miguu ya mbwa.