Majina Katika Ukili: Kazi ya Mikono Mingi na Maonyesho ya Sanaa

Mkeka wa Mafia hauna sahihi. Akina mama huchana ukindu, huutia rangi, husuka ukili mrefu kila mmoja kwa nafasi yake, kisha ukili wa huyu hushonwa na wa yule hata mkeka utimie. Majirani humtambua msukaji kwa namna anavyopanga rangi zake. Bali mkeka huo ukishavuka bahari kutoka Kilindoni na kutundikwa katika ukumbi wa maonyesho, aghalabu hubaki na jina la kisiwa tu.

Sisi wahubiri tumezoea kuusifu ukimya huo. Nami nimewahi kuuhubiri kuwa ni unyenyekevu, nikitegemea 1 Wakorintho 12. Leo naona nilifanya haraka. Kutojitaja ni unyenyekevu pale mtu anapochagua mwenyewe. Akifutwa na mwenye duka au mwenye ukumbi, neno hilo halifai tena. Tena Maandiko yenyewe hayako kimya kiasi tunachodhani. Kutoka 31 inapoeleza ujenzi wa Hema, Bezaleli anatajwa kwa jina, na mwenzake Oholiabu pia. Yamkini ni haki kuuliza pia mbona wanawake waliosokota nyuzi, katika sura ya 35, hawakutajwa.

Upande wa pili ni George Lilanga (1934–2005), Mmakonde aliyekuzwa na Nyumba ya Sanaa ya Dar es Salaam, ambaye kazi zake zilikuwamo katika maonyesho makubwa ya Africa Remix yaliyoanzia Düsseldorf mwaka 2004. Kisukari kilipomnyang'anya miguu, ndugu na wasanii vijana walizidi kushika burashi katika karakana yake, na kazi zikatoka kwa jina lake. Wanunuzi huuliza ni picha ipi iliyo ya mkono wake hasa. Swali hilo linamlinda mwenye fedha. Halimfai kitu kijana aliyejaza rangi.

Wala hili si jambo la Afrika peke yake. Karakana ya Lucas Cranach huko Wittenberg, iliyotoa picha za Ufunuo katika Agano Jipya la Luther la Septemba 1522, ilitia alama ya nyoka mwenye mabawa kwenye michoro yake, awe ameichora bwana mkubwa au mwanafunzi. Matengenezo ya Kanisa yalienezwa na mikono ambayo hatuijui.

Kwa maoni yangu, waliokaribia njia iliyo bora ni wafuasi wa Edward Saidi Tingatinga. Alipouawa mwaka 1972, wanafunzi wake kama January Linda, Simon Mpata na Ajaba Abdallah Mtalia waliendelea na ubao na rangi zile zile za mafuta, na ushirika wao ukaundwa mwaka 1990. Mtindo hubeba jina la mwalimu, na pembeni mwa picha mchoraji huandika lake. Zipo picha dhaifu miongoni mwao, chui waliorudiwa mno kwa ajili ya watalii, lakini udhaifu huo una mwenyewe wa kuulizwa.

Kabatini kwangu kuna vitenge vitatu vya jubilei za dayosisi. Vina nembo, mwaka na aya ya Biblia. Jina la aliyevichora sijaliona katika hata kimoja.