Adili, nduguze na daftari la rambirambi

Nimesoma tena Adili na Nduguze ya Shaaban Robert (1952) nikiwa Ngerengere, kwenye msiba wa mjomba wangu. Shuleni tuliambiwa ni kitabu cha wema na ubaya, basi. Safari hii kimenikwama kooni.

Hadithi mnaikumbuka. Baba anafariki, mali inagawanywa mafungu matatu. Hasidi na Mwivu wanatapanya ya kwao. Adili anagawana nao tena iliyo yake, bila kinyongo. Malipo yake? Kutoswa baharini. Jini Huria anamwokoa, anawageuza wale ndugu manyani, na Adili anaamriwa awachape kila usiku.

Mimi pale msibani nilikuwa karani wa rambirambi. Fulani, elfu mbili. Fulani, elfu kumi. Fulani, mchele kilo tano. Zamani daftari hili lilikuwa linanikera kweli. Niliona huruma gani hii ya kuandikishana, mtu anatoa ili kesho kwake kukitokea jambo asiachwe peke yake. Mtoaji wa kweli kwangu alikuwa Adili, asiye na daftari.

Siku ya tatu jioni akaja bibi mmoja jirani, kabeba kuni kichwani. Nikamwamkia, nikampokea mzigo, nikamshukuru. Hakuondoka.

"Mjukuu wangu, mbona hujaniandika?"

Niliona aibu. Nilidhani namsitiri, asisomwe pamoja na wenye elfu kumi. Kumbe nilikuwa namfuta. Nikaandika: kuni, mzigo mmoja. Akataka nimsomee. Nikamsomea, ndipo akaenda kukaa na wenzake jikoni.

Usiku ule nikakirudia kitabu. Tazama: Adili anatoa, nduguze wanapokea. Wanafilisika, wanapokea tena. Mwisho mfalme Rai anawaombea, wanapokea hata msamaha. Upande wao, nani aliwahi kuwahitaji kwa lolote? Mwandishi anaufunga mjadala mapema kwa majina tu, maana mtu aliyeitwa Hasidi atafanya nini zaidi ya kuhusudu? Hapo ndipo naona udhaifu wa kitabu hiki ninachokipenda. Kinajua sana moyo wa anayetoa, lakini hakiulizi inakuwaje kuishi miaka yote mkono wako uko chini.

Mfaransa Marcel Mauss aliandika karne iliyopita kwamba zawadi ina wajibu wa aina tatu: kutoa, kupokea na kurudisha. Bibi yule wa kuni hakumsoma Mauss, ila wajibu wa tatu anaujua vizuri. Alitaka iandikwe kwamba naye anarudisha.

Sisemi daftari ni jambo jema tupu. Yupo anayekwepa msiba kwa kuwa hana cha kuandikisha, na hilo linauma. Tunayo methali: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Hilo "usambe" linatokana na kuamba, yaani kusema: usiseme ni utajiri. Huwa tunaitumia kuwahimiza wenye nacho watoe. Mimi sasa naisikia kama neno la asiye nacho, anayedai naye ahesabiwe.

Kisomeni tena Adili na Nduguze. Mkifika pale Adili anapogawa mali mara ya pili, simameni kidogo, mjiulize ingekuwaje kama angewaambia nduguze: "Nami nisaidieni."